Kibarua wa shamba akija anaumwa, muulize jana kashika dawa gani ya wadudu

Madaktari na manesi wa zahanati za Usa River, Tengeru, mpaka huko Kahe na Chekereni, naombeni sana mlichukue hili. Mtu akija kichwa kinauma, anatapika, tumbo linakata, msiishie kupima malaria na taifodi tu, muulizeni anafanya kazi gani na jana alikuwa anafanya nini hasa, maana ukiandika "mkulima" haijasaidia kitu, anayekata maua na anayebeba bomba la dawa mgongoni hawaumwi sawa. Kama jasho linamtoka sana, mate yanajaa na mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, hapo fikiria sumu ya oganofosfeti (kundi la dawa za kuua wadudu), mvue nguo zote, muogeshe kwa sabuni na maji mengi (vaa glavu na wewe, hiyo kitu inapita kwenye ngozi) huku atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, inaandaliwa. Aliyemleta mwambie apige simu shambani wamtumie picha ya lebo ya chupa ya dawa aliyoshika mgonjwa.

Waliotoka mikoa ya mbali kufuata msimu ndo wanaumia zaidi, wengi hawana bima na wanaogopa bosi akijua watafukuzwa, kwa hiyo ongea naye pembeni, msimamizi akae nje hata kama ndo kalipia matibabu. Na kazi yake iandike kwenye faili jamani, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ila bila maandishi yako kudai kunakuwa kugumu sana.