Cha kuku si cha farasi: kuishi na wanyama wengi kwenye kashamba ka Mombasa

Siku hizi familia nyingi huku kwetu, kuanzia Mwakirunge na Mtongwe mpaka Miritini, zinafuga mchanganyiko kwenye ploti ya robo ekari ama nusu: mbuzi wa maziwa, kuku, mbwa wa kulinda, paka wa panya, punda wa kubeba maji, na wachache wana farasi wa kupandisha watu bichi pale Bamburi na Nyali ambaye jioni anarudi kulala nyumbani. Ni maisha mazuri na watoto wanakua wakijua kuhudumia kiumbe, mimi nayapenda sana. Lakini jameni lazima tuseme wazi, wanyama hawa hawali kitu kimoja wala hawatibiwi kwa dawa moja, na kwenye nyumba ambayo stoo ni moja, ndoo ni moja na anayelisha ni mtoto yeyote aliye karibu, mnyama anaweza kuuliwa na kitu ambacho mwenzake anakila kila siku.

Nianze na chakula cha kuku manake hiki watu wengi hawakijui kabisa. Vyakula vingi vya kuku wa nyama na vifaranga vinatiwa dawa ya kuzuia kuhara damu, moja inaitwa monensin na nyingine salinomycin. Kuku anaila kila siku na ananenepa, lakini kwa farasi miligramu 2 ama 3 za monensin kwa kila kilo ya mwili wake zinatosha kumuua, wakati kuku anastahimili zaidi ya mara 50 ya kiasi hicho. Inashambulia moyo na misuli. Utaona farasi ama punda anatokwa na jasho, amekataa kula, miguu ya nyuma imelegea, anayumba, halafu ameanguka, na hakuna sindano ya kuiondoa mwilini. Hata akinusurika moyo unaweza kubaki na kovu, mwezi unaofuata unampandisha mtoto juu yake na yeye anaanguka njiani. Kwa hivyo gunia la kuku lisikae pale farasi anapoweza kufika, na msidanganyike na mlango wa kusukuma, farasi ana akili ya midomo, anafungua komeo na kamba usiku mkiwa mmelala. Tieni chakula cha kuku kwenye pipa lenye kifuniko cha kubana, na pipa liwe ndani ya chumba chenye kufuli.

Na ile tabia ya kufagia mabaki ya kuku kisha kumwagia punda ili chakula kisipotee, naelewa inatoka wapi, bibi zetu wametufundisha tusitupe chakula, lakini hapa iachwe. Mkisagisha chakula cha farasi kwenye mashine ileile inayosaga cha kuku, muulizeni mwenye mashine ametanguliza kusaga nini, na mwambieni kabisa hiki ni cha farasi.

Mahindi yenye ukungu ndiyo ya pili. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima na masika ikiingia, Aprili mpaka Juni, gunia la pumba lililowekwa chini kwenye sakafu linashika ukungu hata kabla hamjafika nusu yake. Kuna sumu ya kuvu ya mahindi ambayo inaozesha ubongo wa farasi na punda, anaanza kuzunguka ovyo, anagonga ukuta kama kipofu, na akishafika hapo mara nyingi hazipiti siku 3 kabla hajafa. Watu wanadhani amerogwa. Halafu kuna sumukuvu ileile ya afla iliyoua watu 125 kule Ukambani mwaka 2004, hiyo inaharibu ini la mbwa vibaya sana, na bado kuna nyumba unga ukiharibika watu wanasema basi huu tutampikia mbwa ugali. Usimpikie mbwa kitu ambacho wewe umekikataa kwa harufu ya ukungu. Magunia yawekwe juu ya mbao, yasiguse ukuta, na mnunue ya wiki 2 hivi badala ya kujaza stoo.

Muda wa embe nao, Novemba mpaka Machi hivi, watoto wanamrushia punda maembe yaliyoanguka. Nyama ya embe haina neno kidogokidogo, lakini kokwa linamkwama kooni, utamuona anakohoa, ameinamisha shingo, mate na chakula vinatoka puani. Ondoeni maji na chakula mbele yake na muite daktari wa mifugo, na tafadhali mtu asitie mkono ama kijiti mdomoni. Sababu ya kwanza utavunja vitu huko ndani, ya pili nitaisema nikifika kwenye kichaa.

Sasa dawa. Hapa ndipo nawaomba sana kina baba, manake ndiyo wanaoenda agroveti na kurudi na chupa moja ya "dawa ya kupe" ya kuogesha kila mtu. Soma lebo. Ikiandikwa amitraz, hiyo ni ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, farasi ikimpata utumbo unasimama, mavi hayatoki, tumbo linajaa mpaka anakufa, na paka pia haimfai. Ikiandikwa permethrin, mbwa na farasi wanaivumilia lakini paka hawezi kabisa, anatetemeka na kupata kifafa, na usisahau paka analala na mbwa, kwa hivyo mkimpaka mbwa watengeni mpaka akauke vizuri. Paka mwenye homa usimpe Panadol, hata nusu, hata robo, kidonge kimoja kinatosha kumuua manake mwili wake hauna njia ya kuisafisha. Na sindano ya nagana, ule ugonjwa wa mbung'o, ambayo umezoea kumchoma ng'ombe, kwa farasi na mbwa dozi inayotibu na inayodhuru zimekaribiana mno, huyo mwache daktari amchome mwenyewe. Nyumba yenye watoto wanaojua kusoma mnaweza kuandika juu ya kila chupa kwa kalamu nene: MBUZI TU, MBWA TU. Ni kitu kidogo lakini hata kijakazi mgeni ama shangazi aliyekuja wikendi hatakosea.

Kuhusu mchanga, hii ni shida yetu ya pwani haswa na wafugaji wa bara hawaijui sana. Ploti zetu Kisauni na Likoni ni mchanga mtupu, mkimwagia farasi majani chini anakula majani na mchanga pamoja, na mchanga hautoki, unakaa chini ya utumbo mkubwa kidogokidogo miezi na miezi mpaka unakuwa mzito na siku moja msokoto wa tumbo unamuangusha. Farasi hawezi kutapika, kwa hivyo kilichoingia lazima kipite chote. Kuna kipimo rahisi ambacho watoto wanakipenda, chukua madonge machache ya mavi yaliyo juu ambayo hayajagusa ardhi, tia kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, jaza maji, tikisa mpaka yavunjike kisha iache robo saa. Mchanga utajikalia chini peke yake na utauona kwa macho. Ukizidi kijiko kidogo mwambie daktari mapema kabla tumbo halijaanza kuuma. Na dawa yake kubwa ni kumlishia kwenye kitu, pipa la plastiki lililokatwa katikati, turubai kuukuu, sakafu ya saruji ndogo tu, na majani makavu yawepo muda mwingi, manake tumbo lake limeumbwa kula kidogokidogo mchana kutwa na sehemu ya usiku. Farasi mdogo wa kilo 300 anataka kilo 5 ama 6 za majani makavu kwa siku, punda anatosheka na pungufu ya hapo.

Maji ni mtihani mwingine. Visima vingi vyetu ni maji ya chumvi, na farasi akiyaonja anaacha, na asipokunywa chakula kinakauka tumboni. Kwenye joto la kaskazi anaweza kutaka lita 50 kwa siku, za kawaida ni 25 kupanda, punda 10 mpaka 25. Kama mnanunua maji ya mitungi hiyo ni pesa, najua, ndiyo maana nasema piga hesabu ya maji kabla ya kununua farasi, si baada. Punda anayewabebea maji nyinyi nyumba nzima, basi mtungi mmoja ni haki yake. Kazi zifanyike kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi, saa za katikati akae kivulini, chini ya mkilifi ama mwembe panatosha wala haihitaji banda la gharama.

Usiku ni tofauti, kama mna farasi awe na banda lenye kuta na wavu mdogo kwenye madirisha. Kuna usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu wanaouma magharibi na alfajiri, wanaleta ugonjwa unaojaza mapafu ya farasi maji, asubuhi mzima jioni povu linatoka puani. Punda haumwi sana na huu, farasi anakufa. Chanjo ipo na inatengenezwa hapahapa Kenya na KEVEVAPI, shirika la serikali la chanjo za mifugo, muulize daktari wako kabla ya mvua. Muulize pia ya pepopunda, manake farasi ni mwepesi mno kuipata kwa jeraha dogo tu la msumari kwenye kwato, na wote wawili, farasi na punda, kwato zikatwe kila wiki 6 mpaka 8 na kuchokolewa kila siku, hasa masika banda likiwa tope.

Watoto wapewe kazi lakini wafundishwe. Farasi anafuatwa kwa ubavuni karibu na bega huku unamsemesha, hapitiwi nyuma. Chakula kinatolewa kwenye kiganja kilichonyooka, vidole pamoja. Kamba haizungushwi mkononi wala kiunoni hata kidogo, hili naomba mlirudie kila siku, manake farasi akishtuka na pikipiki anaburuta mtoto barabara nzima. Viatu vya kufunika vidole, na helmeti akipanda. Mkubwa mmoja awe na zamu ya kuhakikisha, kwa mfano mama akiwa anapeleka watoto madrasa, mjomba ama kaka mkubwa ndiye anayeangalia ndoo za maji saa nane. Ramadhani msibadilishe saa za wanyama sana, tumbo la farasi halipendi kushtukizwa, lakini mnaoamka daku mna nafasi nzuri ya kumtilia majani na kumtazama, na mchana jua kali huku nyote mmelala kwa saumu, mtu mmoja aamke aangalie maji.

Mbwa kwenye nyumba za Kiislamu naona wengi wanamfuga wa ulinzi na wanamuwekea mahali pake nje na sahani yake, na huo utaratibu kiafya ni mzuri sana, kila nyumba ingeufuata. Mavi ya mbwa na paka yaokotwe kila siku, minyoo yao inaishi kwenye mchanga wetu wenye kivuli na inaingia kwenye ngozi ya mtoto anayecheza peku, utaona mistari myekundu inayotambaa na kuwasha mguuni. Mwenye mimba asisafishe mavi ya paka, mwingine afanye. Idd ya kuchinja ikifika ndipo kazi ipo: mapafu na maini yenye malengelenge ya maji, na bongo la mbuzi aliyekuwa anazungukazunguka, watu wanamtupia mbwa. Mbwa akila mabichi anapata tegu, mayai yanatoka na mavi yake, yanarudi kwa mbuzi na kwa watoto, na kwa mtu yale malengelenge yanakua kwenye ini miaka bila kujulikana. Yazikwe shimo refu ambalo mbwa hatafukua, ama yachemshwe nusu saa nzima. Na mbwa apewe dawa ya tegu kila miezi 3.

Halafu kichaa cha mbwa. Mbwa na paka wachanjwe wakiwa na miezi 3 na warudiwe kila mwaka, na karatasi iwekwe pamoja na kadi za kliniki za watoto. Mtoto akiumwa ama kuparuzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, msipake pilipili wala mafuta ya taa, halafu hospitali siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo, hata kama mbwa ni wa jirani mnayemjua. Dalili zikishaanza hakuna matibabu. Farasi na punda nao wanakipata wakiumwa na mbwa, na mara nyingine kinaanza kwa kutokwa mate na kushindwa kumeza, mtu anadhani ni kokwa la embe na anatia mkono. Ndiyo maana nilisema mkono usiende mdomoni. Mfungieni peke yake, watoto wakae mbali, na muiteni daktari wa mifugo wa serikali kwenye sabkaunti yenu. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani na karibu na tarehe hiyo kaunti nyingi huchanja mbwa kwa wingi, kwa hivyo kuanzia mwanzo wa mwezi ule ulizeni kwa chifu kama kuna kambi karibu, na mkienda mpelekeni na paka kwenye kikapu chake, manake watu wengi wanamsahau.