Jinsi ya kufuatilia historia ya uchaguzi ya jimbo lako, mfano Ubungo

Wengi wakitaka kujua nani alishinda jimbo lao zamani wanakimbilia majina ya wabunge, mi nasema anza na mipaka kwanza, tena hapa usiwe na haraka maana ndo panapochanganya watu. Cheki Ubungo ya Dar. 2005 alishinda Charles Keenja wa CCM, John Mnyika wa CHADEMA akakosa, 2010 Mnyika akarudi akalichukua. Sasa 2015 jimbo likamegwa, kata kama Goba, Mbezi na Kwembe zikaenda Kibamba, Sinza, Manzese na Kimara zikabaki Ubungo. Mnyika akagombea Kibamba akashinda, Ubungo akapata Saed Kubenea, nae wa CHADEMA. Kwahiyo usilinganishe kura za 2010 na za 2015 kwa jina la jimbo tu, jumlisha majimbo yote mawili au linganisha kata kwa kata.

Matokeo tafuta kwenye ripoti za Tume ya Uchaguzi, majina hakikisha kwenye orodha ya Bunge. Andika pia waliojiandikisha na waliopiga kura, sio mshindi peke yake. 2020 Ubungo ilirudi CCM kwa Kitila Mkumbo, hapo angalia idadi ya waliojitokeza kabla hujasema watu wamehama chama.