Panga kurudi kwanza: mwanamke peke yake kwenye bandari za Mediterania

Binti wa kaka yangu amepata likizo na tiketi ya meli ya kitalii: wiki moja, Barcelona, Marseille, Genova, Civitavecchia, Napoli, kisha kurudi Barcelona. Anakwenda peke yake. Shoga yake waliyepanga naye kanyimwa viza. Juzi kaja kwangu Kisauni, Mombasa, kaketi jikoni nikikaanga mahamri, akaniuliza, "Shangazi, nikishuka huko bila mtu, nifanyeje?"

Mimi nimefanya kazi ya usafi wa vyumba melini miaka sita, na misimu minne kati ya hiyo ilikuwa Mediterania. Mapumziko yangu yalikuwa mchana, ya muda wa saa tatu au nne, wakati wenzangu wa zamu wamelala. Kwa hiyo nilizoea kushuka peke yangu. Niliyomwambia pale jikoni nayaandika hapa kwa ajili ya kila mwanamke wa kwetu anayejiandaa na safari kama hiyo.

Kitu cha kwanza si mwizi. Ni saa. Nimeona wanawake wenye akili zao wakiingia kwenye taksi yoyote iliyosimama, wakikata njia kupitia uchochoro wasioujua, wakitoa pochi hadharani kuhesabu noti, na mara nyingi chanzo kilikuwa kimoja: wamechelewa. Mwanamke mwenye nafasi ya saa nzima anaweza kukataa. Anaweza kungoja basi lijalo, au kuketi ndani ya duka mpaka mtu anayemtia wasiwasi aondoke. Aliyebakiza dakika ishirini hana uwezo huo. Kwa hiyo kabla hujaamua unakwenda kuona nini, amua unarudi vipi na saa ngapi, halafu uhesabu kwenda nyuma.

Kwenye karatasi ya ratiba ya siku utakuta saa ya mwisho ya kuwa ndani ya meli. Hiyo siyo saa ya kung'oa nanga. Huwa ni nusu saa au zaidi kabla yake. Meli huwangojea waliokwenda na ziara iliyoandaliwa na meli yenyewe, lakini aliyetoka kivyake haingojei. Mimi nilikuwa naweka lengo la kufika langoni saa moja na nusu kabla, na kama mji uko mbali na bandari, saa mbili.

Civitavecchia ndiyo inayowadanganya wengi. Kwenye tangazo wameandika "Roma", lakini Roma iko kilomita kama 80 kutoka hapo, na treni ya kawaida inachukua zaidi ya saa moja kufika stesheni ya Termini. Asubuhi ukifika stesheni tazama kama pameandikwa SCIOPERO. Hilo ni neno la mgomo. Siku ya mgomo, ikiwa ni siku ya kazi, treni za mikoani huhakikishwa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, kisha saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku. Yaani unaweza kwenda vizuri asubuhi, na alasiri, saa ile unayohitaji kurudi, usipate treni. Ukiliona neno hilo, baki Civitavecchia, kula samaki ufukweni, Roma utaiona siku nyingine. Na tiketi ya karatasi ya treni hizo igonge kwenye mashine ndogo iliyoko stesheni kabla ya kupanda, la sivyo utatozwa faini na utatoa pochi mbele ya behewa zima.

Saa ya simu nayo iangalie. Italia, Uhispania na Ufaransa wakati wa kiangazi wako saa moja nyuma yetu. Ugiriki kiangazi ni sawa na Mombasa, na Uturuki ni sawa na sisi mwaka mzima. Meli ikitoka upande mmoja kwenda mwingine, simu inajibadilisha yenyewe, na saa ya meli huenda isibadilike. Inayohesabika ni saa ya meli. Vaa saa ya mkononi, ile ya bei nafuu, uiweke sawa na ya meli asubuhi kabla ya kushuka.

Sasa mkoba. Hapa dada wa Mombasa ana elimu ambayo haikufundishwa darasani. Umewahi kupanda feri ya Likoni saa kumi na moja jioni? Mlango ukishuka na umati ukaanza kusukumana, mkono wako unakwenda wenyewe kwenye mkoba, unaupitisha mbele ya tumbo, zipu ikikuelekea wewe, kiwiko juu yake. Fanya hivyo hivyo, bila kupunguza, kwenye mtaa wa La Rambla wa Barcelona, kwenye metro ya mstari wa kwanza kati ya Piraeus na Monastiraki kule Athens, na kwenye treni ya Circumvesuviana inayotoka Napoli kwenda Pompei, kwenye magofu ya mji wa kale. Kosa la wengi wetu ni kuona mtaa msafi wenye maua, tukalegeza mkono. Napoli ongeza jambo moja: tembea upande wa ukuta na mkoba uwe upande wa ukuta, kwa sababu pikipiki hupita na kunyakua, kama bodaboda wanavyonyakua simu kwetu.

Gawa vitu vyako. Kadi moja na euro kidogo mkononi, kadi ya pili na noti moja kubwa ndani ya nguo. Mimi nilishona kifuko cha kitambaa cha leso (kanga) kuukuu, nikakifunga kiunoni chini ya sketi. Simu usiiweke juu ya meza ya mkahawa. Anakuja mtu na ramani au karatasi, anaitandaza juu ya meza akikuuliza njia, akiiondoa, simu imekwenda nayo. Nililiona hilo kwa macho yangu likimpata mama mmoja meza ya pili, na lilimalizika kabla sijameza kahawa niliyokuwa nayo mdomoni.

Hila nyingine zote zinafanana nalo: mtu anakupa kitu au anakugusa. Anakufunga uzi mkononi, anakupa ua, anakuambia ndege amekuchafua begani na anataka kukupangusa, anakuletea karatasi ya kutia saini kwa ajili ya watoto wasiosikia. Sisi tumelelewa tusimpite mtu bila salamu, na kwangu hili lilikuwa gumu kuliko yote. Huko ni lazima ujifunze kupita. Mikono mfukoni, tikisa kichwa mara moja, endelea na mwendo ule ule. Ukichafuliwa begani, ingia dukani ujipanguse mwenyewe. Na akija anayejiita askari bila sare akitaka kuona pochi yako, usimpe. Mwambie mtakwenda pamoja kituoni.

Kufuatwa ndiko alikoniuliza zaidi binti yetu, na ndiko kulikonipata. Ilikuwa Genova. Mji wake wa kale uko karibu na bandari, vichochoro vyembamba, nyumba zimeinamiana, na mimi nilijiona niko Mji wa Kale wa Mombasa, nikaingia bila kufikiri. Mwanamume mmoja alianza kuongea nami, nikanyamaza. Nikakata kulia, akakata kulia. Nikasimama kutazama dirisha la duka, naye akasimama. Mwili unajua kabla ya akili: mgongo ulikuwa umeshaganda. Mbele yangu palikuwa na duka la mikate, ndani mama mtu mzima mwenye aproni ya unga. Niliingia, nikasimama upande wake wa kaunta kabisa, nikanyoosha kidole nje. Sikujua neno la Kiitaliano. Alimtazama yule mtu, akatoka mpaka mlangoni, akasema maneno mawili kwa sauti ya kumfokea mtoto. Yule mtu akaondoka. Mama akanipa kipande cha mkate wa mafuta, akanionyesha njia pana ya kurudi bandarini.

Kwa hiyo ukihisi unafuatwa, usijihoji kama unamkosea mtu. Usirudi kwenye njia tupu. Ingia penye mwanamke anayefanya kazi: duka la mikate, la dawa, mapokezi ya hoteli. Simama karibu naye na umwonyeshe. Ikizidi, piga 112. Ni namba ya dharura nchi zote za Umoja wa Ulaya, haina malipo, na Uturuki pia wanaitumia. Na mji wa kale wowote, utembee asubuhi, maduka yakiwa wazi. Alasiri Italia na Uhispania maduka mengi hufungwa kwa saa kadhaa, na mtaa uliokuwa na watu saa tano unaweza kuwa mtupu saa tisa.

Pasipoti: meli nyingine huzishikilia, nyingine hukuachia. Vyovyote vile, shuka na kadi ya meli, nakala ya pasipoti na ya viza, na picha zake kwenye simu. Na kama meli inatoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tuseme inapita Uturuki au Tunisia kisha inarudi, hakikisha viza yako ni ya kuingia zaidi ya mara moja. Hilo liangalie ungali Nairobi ubalozini.

Kwenye ratiba ile ile ya siku huandikwa jina na namba ya wakala wa meli pale bandarini. Watu hawaisomi. Iandike kwa kalamu kwenye kikaratasi, maana simu ikiibiwa namba imekwenda nayo. Meli ikikuacha, huyo ndiye mtu wa kwanza kumtafuta. Mara nyingi pasipoti zilizobaki melini huachwa kwake. Kwenye kikaratasi hicho andika pia jina la meli, jina la gati, na namba ya ubalozi wetu: tunao Roma, Madrid na Paris.

Mavazi. Chukua leso moja, nyepesi. Kanisa la Mtakatifu Petro pale Vatikani hawakuruhusu kuingia mabega na magoti yakiwa wazi, na leso inamaliza neno. Inakinga jua Pompei ambako kivuli ni haba, na ukiitupia juu ya mkoba, hakuna anayejua mkoba uko wapi. Anayevaa hijabu atembee nayo bila hofu barabarani. Anayevaa nikabu ajue kwamba Ufaransa, tangu 2011, kufunika uso mahali pa umma kumepigwa marufuku kisheria, na faini ni hadi euro 150. Bora aamue mapema kama atashuka Marseille au la, kuliko kuamua mbele ya polisi.

Marseille yenyewe, meli nyingi hutia gati mbali na mji, kaskazini. Usitembee kwa miguu kutoka pale; kuna basi. Barcelona pia kuna basi kutoka gatini hadi mnara wa Columbus, chini ya La Rambla. Taksi chukua kwenye foleni rasmi, uliza bei au mita kabla ya kufunga mlango, keti nyuma, na mkoba usiutie kwenye buti.

Meli ikiwa inaondoka bandarini zima mtandao wa simu, kwani mtandao wa simu wa meli yenyewe baharini hula pesa kwa kasi ya kutisha. Kwa hiyo ujumbe wa nyumbani utume ungali nchi kavu, ukishapita lango la bandari. Nimemwambia binti wa kaka yangu: neno moja tu linatosha, "Nimeingia." Saa kumi na moja yao itakuwa saa kumi na mbili yetu, na simu nitakuwa nimeishika mkononi.