Umegongwa Texas? Kusanya ushahidi kabla haujapotea

Huku Texas ukigongwa ukaumia una miaka 2 ya kufungua kesi, na watu wakisikia miaka 2 wanatulia kabisa wanaona muda upo. Wa mahakama upo kweli, ila kamera ya sheli inajifuta yenyewe baada ya siku kadhaa, gari lako liko yadi linasubiri mnada, na alama ya mkanda kifuani ndani ya wiki mbili haionekani tena. Kwa hiyo anza na kile kinachopotea mapema, hata kama unakiona kidogo.

Pale pale barabarani, kama unaweza kusimama, piga 911 halafu anza picha. Za mbali kwanza, zionyeshe taa, vibao na magari yalivyokaa kabla brekdauni haijaja kuyasogeza, ndo usogee karibu upige pleti namba, vioo vilivyomwagika, alama za breki kwenye lami, leseni na kadi ya bima ya mwenzio. Shahidi akisema ameona chukua namba yake na uipige hapo hapo iite, maana akishaondoka humpati tena. Hizi picha zina kazi, sheria ya Texas inasema ukikutwa na zaidi ya asilimia 50 ya kosa hupati hata senti, na chini ya hapo wanakukata kwa kadiri ya kosa lako.

Halafu kuna hii tabia yetu, mtu shingo haigeuki anamwambia polisi niko poa tu namshukuru Mungu. Polisi wengi huku wana kamera kifuani, na hiyo "niko poa" yako kampuni ya bima itakuja kuicheza tena. Sema tu hujajua bado unaumia wapi, unaomba kupimwa.

Picha usiziache zikae wasap peke yake. Wasap inazibana na kuondoa taarifa za ndani za faili, yaani saa na mahali ilipopigwa, na hizo ndo wakili anazitaka. Jitumie zile orijino kwa imeili au ziweke Google Drive. Na endelea kupiga, mchubuko wa leo ni mwekundu, keshokutwa zambarau, wiki ijayo wa njano, piga kila siku mwanga wa mchana. Nguo yenye damu usiifue, itie kwenye mfuko wa karatasi, na kiti cha mtoto usikitupe kabla hujakipiga picha na kuuliza bima kama wanalipa kipya.

Kesho yake mtume ndugu au rafiki arudi pale mtaani aangalie kamera ziko wapi, sheli, dukani, mlangoni kwa watu. Aombe kwa ustaarabu, meneja akikubali arekodi skrini kwa simu, akikataa aache barua fupi yenye tarehe na saa ya ajali akiomba wasifute.

Hospitali nenda siku hiyo hiyo au kesho yake. Ukikaa wiki tatu unakunywa panadol na kujichua, bima watasema uliumia kwingine. Taja kila panapouma hata kidogo, maana kisichoandikwa kwenye faili kwao hakijatokea, na kama Kiingereza kinakupiga chenga omba mkalimani wa Kiswahili, hospitali zinazopokea hela ya serikali kuu zinatakiwa kukupa bure. Tafadhali usimfanye mtoto wako wa darasa la nne mkalimani wa mgongo wako.

Ripoti ya polisi inaitwa CR-3, afisa ana siku 10 kuipeleka TxDOT, idara ya usafiri ya Texas, na kopi unainunua mtandaoni dola 6. Isome, majina yetu wanayaharibu sana, na ukiona umeandikwa hujaumia mtafute afisa mapema.

Sasa gari. Bima wakisema limekufa kabisa wanataka usaini walichukue, usikimbilie. Magari mengi ya sasa yana kifaa kinachohifadhi sekunde za mwisho kabla ya kugongwa, spidi, breki, mkanda, na likishauzwa mnada hiyo data huioni tena. Aliyekugonga akiwa na lori ndo harakisha zaidi, kampuni inatakiwa kutunza rekodi za masaa ya dereva miezi 6 tu na ripoti za dereva za ukaguzi wa lori miezi 3, baada ya hapo inaruhusiwa kuzifuta. Wakili anaiandikia barua ya kuizuia isifute chochote, na hiyo barua ni bora itoke wiki ya kwanza. Ukigongwa na gari la serikali ya jimbo, kaunti au jiji, taarifa ya maandishi kwao ni ndani ya miezi 6, na jiji la Houston wenyewe wanataka ndani ya siku 90.

Bima ya mwenzio itakupigia na sauti tamu wakuombe maelezo ya kurekodiwa. Hulazimiki kuwapa. Ya kwako ni tofauti, mkataba unakutaka ushirikiane nao. Na mitandaoni nyamaza, sio leo grupu linachangishiwa matibabu yako na Jumamosi uko sendofu unaserebuka Facebook laivu. Ulichokwisha posti usikifute lakini, kufuta nako kunaweza kuhesabika kuharibu ushahidi, ongea na wakili kwanza.

Wanaorudi nyumbani kutibiwa, sawa, Muhimbili au kokote, ila beba kopi za eksirei za huku, dai risiti yenye muhuri na ripoti ya daktari kila ukitibiwa, na ujue ile miaka 2 inaendelea kuhesabika hata ukiwa Dar.