Kabla Watoto Hawajafika: Kukagua Pointi za Reli Ndogo

Jumamosi watoto wa ploti yetu wanakuja kutazama treni. Reli yenyewe iko sebuleni, juu ya plaiwudi ya futi nane kwa nne, na ina pointi sita. Treni yangu ikiacha njia, mara tisa kati ya kumi huwa ni kwenye pointi, kwa hiyo siku nne kabla sigusi kitu kingine. Mtoto anayeona treni inayotembea kwa mara ya kwanza hapaswi kukumbuka behewa lililolala ubavu.

Pointi ni pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Ina ndimi mbili zinazosogea kushoto na kulia. Mbele yake kuna frogi, kile kipembe chenye umbo la V ambapo reli hukutana na gurudumu hulazimika kuvuka pengo dogo. Mkabala na frogi kuna vipande vifupi vya reli ya ulinzi, vinavyoshika mgongo wa gurudumu la upande wa pili ili mwenzake asigonge ncha ya kile kipembe. Ukielewa kazi ya kila kipande, kosa linajionyesha upesi.

Kabla ya kushika tupa au bisibisi, jibu swali hili: je, ni behewa moja linaloanguka kwenye kila pointi, au ni mabehewa yote yanayoanguka kwenye pointi moja? Likiwa behewa moja, tatizo liko kwenye magurudumu. Yakiwa yote, tatizo liko kwenye njia. Weka daftari na chaki karibu, andika behewa gani limeanguka, likielekea wapi, likivutwa au likisukumwa, kisha tia alama ya chaki mahali penyewe. Nasisitiza hili kwa sababu niliwahi kutumia jioni nzima kunoa ulimi wa pointi kwa tupa, kumbe kosa lilikuwa gurudumu moja la behewa la mizigo. Pointi ile haikupona, ikabidi niinunue upya. Chuma kilichokwisha kulika hakirudi.

Basi tuanze na magurudumu. Kipimo cha HO, mojawapo ya saizi za treni ndogo, ni 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli, na upana wa njia yake ni milimita 16.5. Zidisha kwa 87 utapata karibu milimita 1,435, upana uleule wa reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Reli ya zamani iliyofika Nairobi mwaka 1899 ina upana wa mita moja, na anayetaka kuiiga kwa kipimo hichohicho hutumia njia ya milimita 12. Kwa hiyo ukiletewa mabehewa ya mitumba kutoka ng'ambo, pima kwanza. Kilicho muhimu zaidi kwenye pointi ni nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja, ambayo kwa HO huwa karibu milimita 14.4. Ikizidi, ukingo wa gurudumu hugonga ncha ya frogi na behewa kupanda juu. Ikipungua, magurudumu hukwama kati ya reli ya ulinzi na frogi, kisha huinuka. Kalipa ya kawaida, kile kipimio chenye taya mbili, inatosha kupimia. Kurekebisha ni kuzungusha gurudumu taratibu kwenye ekseli huku ukilivuta au kulisukuma, kidogo kidogo, ukipima kila mara.

Uzito nao usiupuuze. Pendekezo la chama cha wapenzi wa treni ndogo cha Marekani, NMRA, kwa HO ni gramu 28 za kuanzia, kisha gramu 14 kwa kila sentimita 2.54 za urefu. Behewa la sentimita 15 basi linapaswa kufika karibu gramu 110. Lipime kwa mizani ya jikoni. Likipungua, gundisha washa za chuma, vile visahani vyenye tundu vya kuwekea boliti, sakafuni mwake, chini kabisa, kamwe si juu.

Sasa njia. Zima taa ya dari, washa tochi ya simu, uiinamie reli hadi jicho liwe usawa wake. Utaona mambo ambayo ukiwa umesimama hayaonekani: ncha ya ulimi iliyoinuka kidogo, tone la gundi, punje ya kokoto iliyojificha kati ya ulimi na reli kubwa. Kisha chukua kipande cha risiti ya supamaketi, kiweke kati ya ncha ya ulimi na reli, ufunge pointi. Karatasi ikichomoka kirahisi, hata gurudumu litapata upenyo na kupita upande usiotakiwa. Jaribu pande zote mbili.

Ulimi ukikosa kufunga na hakuna uchafu, angalia mota inayousogeza. Nyingi huhitaji umeme wa volti 16 hivi, na adapta dhaifu huusukuma ulimi ukaishia nusu ya safari. Na adapta iliyotengenezewa volti 120 za Marekani usiichomeke kabisa kwenye soketi zetu za volti 240. Hilo si suala la pointi tena, ni la usalama wa nyumba.

Pitisha ukucha juu ya kila kiungo cha reli. Ukucha ukikwama, gurudumu nalo litakwama. Weka pima maji juu ya pointi kwa urefu na kwa upana, hasa mvua za Aprili zikishaanza, kwa maana plaiwudi hunyonya unyevu ikavimba. Skrubu iliyokazwa mno huikunja pointi kama upinde, kwa hiyo ilegeze nusu mzunguko na upime tena. Mwinuko usianzie kwenye pointi.

Kona nazo zina sheria yake. Behewa refu la abiria la sentimita 30 halipendi kona ya nusu kipenyo cha milimita 457, na pointi mbili zilizopangwa zikaunda herufi S huyavuta mabehewa kila moja upande wake. Weka kipande kilichonyooka katikati, chenye urefu wa behewa lako refu zaidi. Hakikisha pia waya unaoning'inia chini ya kiunganishi cha mabehewa haugusi frogi; uache nafasi ya karibu milimita moja.

Ijumaa jioni ndiyo siku ya mtihani. Kwanza nasukuma behewa moja kwa kidole kupitia kila pointi, pole pole, nikisikiliza. Kisha naunganisha treni ndefu kuliko zote, kichwa kikiwa nyuma kikisukuma, nikaipitisha mara tatu kila upande. Treni inayovutwa husamehe makosa mengi, inayosukumwa haisamehi. Ikipita yote, nafuta reli kwa kitambaa chenye spiriti na kufunika ubao mzima kwa leso mbili, maana vumbi la barabara yetu haliishi, na dirisha siwezi kulifunga usiku kucha.