Jinsi ya kupata maji mengi zaidi kwenye boksi la kukeneka kwa jua

Maji ya kisima cha chumvi, kama vile vilivyojaa Kigamboni, yanaweza kukenekwa, yaani kuvukizwa na mvuke wake kupoa ukawa maji matamu, kwa jua peke yake: boksi lenye sakafu nyeusi, maji kidogo ndani, kioo cha mteremko juu, na mfereji wa kupokea matone. Jua la Dar es Salaam hutoa wastani wa karibu kilowati-saa 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, na kuvukiza lita moja kunakula takriban 0.65. Boksi zuri la mita moja ya mraba litoe lita 2.5 hadi 3.5 siku ya jua kali. Likitoa lita moja tu, kuna joto au mvuke unaopotea.

Pima kwanza kina cha maji, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Sentimita 5 ni lita 50, na kuzipasha kutoka nyuzi 28 hadi 65 kunameza zaidi ya kilowati-saa 2. Baadhi ya joto hilo huendelea kuvukiza maji usiku, lakini jingi hupotea. Weka sentimita 1.5, yaani lita 15; gharama hiyo ya joto inashuka hadi kama kilowati-saa 0.65. Sharti sakafu iwe imenyooka kwa pimamaji, la sivyo upande mmoja unakauka, chumvi inaganda, na sakafu iliyokuwa nyeusi inabaki nyeupe ikirudisha mwanga juu. Sakafu ikikataa kunyooka, tandika kitambaa cheusi cha pamba kisichochuja rangi. Kitavuta maji hadi pakavu.

Kisha tafuta uvujaji. Saa saba mchana pitisha kidole chini ya ukingo wa kioo kwa nje: ukikuta unyevu, mvuke unatoroka hapo. Kwangua, safisha kwa spiriti, paka silikoni, iache siku 3. Usitumie pati, hupasuka juani, wala silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu. Maji ya mwanzo yamwage mpaka harufu iishe.

Kioo cha milimita 4 kinatosha. Kwa kuwa tuko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, jua lenyewe halidai mteremko mkubwa. Ni matone yanayoudai. Chini ya nyuzi 10 yanadondoka tena ndani. Ukingo wa nyuma uwe juu kwa sentimita 18 hadi 27 kwa kila mita, na mteremko uelekee kaskazini, kwani kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri liko huko. Osha upande wa ndani kwa sabuni kabla ya kufunga: kioo chenye mafuta hushika matone ya duara yanayorudisha mwanga.

Chini na pembeni jaza sentimita 5 za makumbi ya nazi makavu, yakingwe kwa nailoni. Yakilowa hayazuii joto.

Kila alfajiri ongeza maji mara mbili au tatu ya yaliyotoka jana, ya ziada yamwagike kwa tundu la pembeni yakibeba chumvi. Kisima kilicho jirani na gereji au sheli kiache kabisa. Petroli huvukizwa pamoja na maji na kuingia kwenye chupa yako.