Bonanza la maveterani: mambo ya kuangalia kabla hujafunga kamba za njumu

Nianze na Morogoro. Tulitoka Mbagala saa kumi alfajiri na Coaster ya kukodi, timu ya maveterani wa mtaani, umri arobaini kwenda juu, nyimbo njia nzima utadhani tunafuata kombe la Afrika. Asubuhi tukacheza mechi mbili, tukashinda moja tukatoa sare moja, bas tukakaa chini ya mwembe kusubiri robo fainali kama masaa mawili ivi, mbuzi anachomwa pembeni, stori, soda. Saa nane mchana tukaitwa. Beki wetu wa kulia, mtu wa miaka 51, akainuka kwenye kreti, akavuta soksi, akaingia. Dakika ya pili ukapigwa mpira mrefu upande wake, wala haukuwa wa hatari, akakanyaga ile hatua ya kwanza ya kuufuata, tukasikia "ta!" kama kijiti kikavu, akasimama akageuka nyuma kwa hasira kuuliza nani kanipiga teke. Nyuma yake hamna mtu. Aliyekuwa karibu ni kipa wetu, mita ishirini huko.

Ule ulikuwa ni mshipa mnene wa kisigino, ile kano inayounganisha kigimbi na mfupa wa kisigino, umekatika. Na karibu kila aliyewahi kukatika anakwambia hivohivo, nilijua nimepigwa teke. Sasa mi tangu siku ile kila mzee mwenzangu akiniambia nataka kuingia bonanza namwambia usiogope mechi, ogopa lile kreti. Manake hizi bonanza zetu hazifanani na mpira wa dakika tisini. Ni dakika kumi na tano kila upande, af unakaa, af unaitwa, af unakaa, na kila ukiitwa mwili umeshapoa huku kichwa bado kina moto wa mechi iliyopita. Kijana wa miaka 20 anaweza kutoka kwenye kreti akaingia mbio na asipate kitu. Sisi hapana. Kano zimepungua mvutiko, misuli imepungua, na kitambi tunacho, kwahiyo maandalizi yote ninayoyaandika hapa chini yanazunguka jambo hilohilo.

Hospitali kwanza, na uende mapema, miezi miwili kabla, sio Ijumaa ya kuamkia bonanza. Presha, sukari, mafuta kwenye damu, na kipimo cha umeme wa moyo. Dar wengi wanaenda pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili, lakini hata hospitali ya wilaya presha na sukari wanapima, kwahiyo ya kusema mbali si sababu. Ila ukifika usikae kimya useme nataka chekapu tu. Sema unataka kucheza mpira wa ushindani. Sema kama baba au kaka alianguka ghafla akafa, sema kama ukipanda ngazi kifua kinabana au pumzi inakata kuliko zamani, sema kama umewahi kuzimia. Watu wengi kijiweni wakizungumzia moyo uwanjani wanamtaja Eriksen wa Denmark, yule aliyeanguka uwanjani moyo ukasimama kwenye Euro 2020 iliyochezwa 2021, lakini yeye alikuwa na miaka 29. Kwetu tuliopita miaka 35 hadithi kubwa ni nyingine, ni mishipa ya moyo kuziba kidogokidogo bila wewe kujua. Na hapo kuna mtego, kipimo cha umeme wa moyo ukiwa umelala kitandani kinaweza kutoka kisafi kabisa na mishipa ikawa imebana, ndo maana daktari akikwambia rudi ukimbie kwenye mashine tukupime usione anataka kukula hela.

Dawa. Kama unatumia vidonge vya presha usiviache siku ya bonanza eti vinakulegeza, nimeona watu wanafanya hivyo. Muulize daktari. Kuna vile vinavyokukojoza, hivyo na jua la saa nane ukizembea maji unaisha. Kuna vinavyoshusha mapigo ya moyo, kwahiyo ukijipima kwa kuhesabu mapigo utajidanganya, wewe pima kwa maongezi, kama huwezi kumaliza sentensi ujue umezidisha. Na hii tabia ya kumeza diklofenaki mbili kabla ya mechi ili goti likae kimya naomba tuiache jamani. Inapandisha presha, inaumiza figo hasa mwili ukiwa mkavu, af goti likikaa kimya si kwamba limepona, limezibwa mdomo tu. Homa nayo, ukiwa na homa usicheze, hata kama timu haina mtu. Virusi vya mafua vinaweza kuufikia moyo wenyewe na kuuvimbisha, na kukimbia katika hali ile ni kuuchokonoa.

Mazoezi sasa. Kosa letu kubwa ni kwamba tukisikia mazoezi tunawaza mbio za taratibu, mtu anatoka Kigamboni asubuhi anajoging kilomita tano kila siku anasema niko fiti. Uko fiti kwa kujoging. Bonanza ni kustuka, kusimama, kugeuka, kuruka, na hivyo vitu usipovifanya mazoezini utavifanya mara ya kwanza siku ya mechi, mbele za watu. Kwahiyo wiki mbili za kwanza tembea na kujoging, sawa, baada ya hapo anza kuweka mbio fupifupi, mita kumi na tano, ishirini, kwanza nusu ya nguvu, wiki inayofuata robo tatu, na mbio za nguvu zote uje kuzigusa wiki ya sita huko. Mara tatu kwa wiki zinatosha, katikati acha siku moja, maana mwili wa miaka hamsini haujengeki uwanjani, unajengeka umelala. Kama unacheza Jumapili usifanye mazoezi makali Ijumaa, hiyo haisaidii kitu, unaingia na miguu mizito tu.

Na kuna mawili ambayo hata usipofanya mengine yote fanya haya. La kwanza ni la ngazi. Simama kwenye kidato kwa vidole, visigino vinaning'inia nje, panda juu kwa miguu miwili, shuka taratibu kwa mguu mmoja, hesabu mpaka tatu wakati wa kushuka, mara kumi, kumi na tano kila mguu. Ndo zoezi la huo mshipa uliomkatikia mwenzetu. La pili ni la nyama za paja kwa nyuma, piga magoti kwenye mkeka, mwenzako akushike visigino kwa nguvu, halafu jiachie mbele taratibu mgongo ukiwa umenyooka mpaka ushindwe, udake chini kwa mikono. Siku ya kwanza utaanguka kama gunia la mkaa, na kesho yake kukaa chooni ni kazi. Anza na matatu tu. Mke wangu aliponikuta nafanya sebuleni, mtoto kanishika miguu, aliuliza kama ni mazoezi au ni maombi.

Kabla hamjalipa kiingilio cha timu muulizeni mwandaaji maswali ya kiutu uzima. Umri unaanzia ngapi na unathibitishwa na nini, maana wakisema tunaaminiana tu ujue mamluki watakuwepo, na mamluki wa miaka 28 akikuingia kwa kasi yake wewe ndo unaumia, yeye hana hata habari. Kitambulisho cha NIDA kina tarehe ya kuzaliwa, kikaguliwe, kwisha. Je sabu, yaani kubadilisha wachezaji, hazina idadi na aliyetoka anaruhusiwa kurudi? Hili ni kubwa kuliko zawadi ya mbuzi. Uwanja ni nyasi au ni ule udongo mgumu kama barabara? Kuna huduma ya kwanza au kuna chupa ya maji ya kumwagiana tu? Na mtacheza mechi ngapi mkifika fainali, manake tano za nusu saa ni zaidi ya dakika tisini, na hakuna anayekwambia hivyo wakati wa kuchangisha. Hata wale wa SHIMIWI, michezo ya watumishi wa wizara na idara za serikali, wanaokutana kwa kuvuta kamba na netiboli na bao, wanajua kwamba ratiba ndo inayochosha.

Tukishapata jibu la sabu, kaeni kikao kama timu mpange nani anacheza muda gani, kabla ya siku yenyewe, maana siku yenyewe hakuna anayekubali kutoka. Hapa huwa namtaja Roger Milla. Kombe la Dunia 1990 alikuwa na miaka 38, akafunga magoli manne, Cameroon wakafika robo fainali, na mechi zote alitokea benchi. Mwaka 1994 akarudi na miaka 42, akaingia kipindi cha pili dhidi ya Urusi, akafunga tena, japo siku hiyo walipigwa 6-1, hilo watu huwa wanalisahau. Kama Milla alikaa benchi, wewe wa Temeke unanuna kwa lipi. Dakika saba ndani, saba nje, na awepo mtu mwenye saa ambaye hachezi.

Vifaa nitapita haraka. Njumu za meno mafupi mengi kwa uwanja mgumu, zile za meno marefu sita ni za nyasi zenye unyevu, kwenye udongo mkavu zinakukunja enka. Na zisiwe mpya, zivae mazoezini angalau wiki tatu. Zile za zamani ulizozitunza toka 2005 angalia gundi, nimeona soli inabaki golini mtu anaendelea mbele na soksi. Vikinga ugoko, jozi mbili za soksi, suruali ya traki, pete vua.

Siku yenyewe. Ukisafiri na gari zaidi ya saa moja na nusu muombe dereva asimame, mshuke mtembee, maana unakaa umekunja magoti masaa manne af unategemea nyonga ikufungukie. Kula masaa matatu kabla, chai na chapati au viazi na yai, ile supu ya mbuzi yenye mafuta na ndizi nane ni ya jioni. Maji anza kunywa toka jana yake, ukiona mkojo una rangi ya chai ya rangi umechelewa. Kati ya mechi na mechi madafu au maji ya chumvi na sukari ya paketi yanafaa, vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya kopo mi sivitaki karibu na mtu mwenye presha, vinapiga moyo mbio bure. Bia? Baada ya filimbi ya mwisho. Sio baada ya mechi yenu ya pili mkidhani mmetolewa, kumbe magoli yanawabeba na mnatakiwa robo fainali, hilo nalo lilitukuta.

Na kreti sasa. Kila mechi ina kupasha kwake. Dakika kumi na tano kabla ya kuitwa simama, vaa traki hata kama kuna joto, tembea, jogi, zungusha nyonga, ruka kidogo, malizia na mbio tatu za robo tatu ya nguvu. Kule kujivuta na kubaki umeinama sekunde sitini hakukupashi, kunakunyoosha tu, kafanye jioni. Usipopasha mwambie kocha leo siingii, wala si aibu.

Kuna la mwisho ambalo si la mchezaji mmoja, ni la timu nzima, na hapa ndo tuko nyuma kabisa. Mtu akianguka mwenyewe bila kuguswa, haitikii, hapumui au anapumua kwa kukoroma na kukata, huo ni moyo umesimama mpaka ithibitike vinginevyo. Wengine wanatikisika kidogo mikono na miguu, watu wanapiga kelele kifafa hicho, wanatafuta kijiko cha kumtia mdomoni, wanampepea, wanamwagia maji, dakika zinaondoka. Mlaze chali, viganja viwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, acha kifua kinyanyuke kila baada ya kubonyeza, mkichoka pokezaneni kila dakika mbili, msiache mpaka afike kwa watu wenye vifaa. Wawili au watatu wa timu wajifunze kwa vitendo kabla ya safari. Na kuwe na gari moja ambayo dereva wake hachezi na hanywi, funguo anazo, na anajua hospitali iliyo karibu iko njia ipi. Sisi Morogoro funguo zilikuwa kwenye traki ya winga aliyekuwa uwanjani.

Msuli ukivutika, barafu iliyofungwa kwenye taulo dakika kumi na tano, bandeji, mguu juu, na siku mbili tatu za mwanzo hakuna kuchuliwa. Kila bonanza yupo mzee mmoja anajifanya fundi wa kuchua, ana mafuta yake ya moto kwenye chupa ya konyagi, na anachua hata mahali ambapo nyama imechanika, ndani damu ndo inazidi kuvuja. Mkimbieni kwa heshima, mwambieni shikamoo mzee, tutakuja kesho.

Yule beki wetu alifanyiwa operesheni, akakaa na plasta, akaja kwenye magongo, akaja kwenye zile ngazi, ikapita karibu mwaka. Sasa hivi anakuja na sisi kila bonanza, hachezi, ndo anayeshika saa ya sabu. Ukikaa kwenye kreti zaidi ya dakika kumi anakuja kulivuta.